Kisanduku cha mtoa huduma kinasema laini safi, mafaili yanatambaa. Kinapima nini hasa?

MtunzaSeva
Wakuu habari za muda huu. Naomba niwasumbue wale wa mitandao, hasa mliowahi kukaa upande wa watoa huduma.

Ofisi yetu ina makao Dar na tawi Mwanza. Tumekodi laini ya Etheneti ya 100 Mb/s kati ya ofisi hizo mbili. Si intaneti, ni laini ya moja kwa moja: fremu, yaani kifurushi cha data, ikiingia Dar inatokea Mwanza kama ilivyo. Kila upande mtoa huduma ameweka kisanduku kidogo kwenye reki. Faiba yao inaingia nyuma, mbele inatoka kebo ya shaba ya 1 Gb/s hadi kwenye ruta yetu. Kina taa kibao, nywila hatuna, na tumeambiwa tusikiguse.

Shida ni hii. Kunakili faili kutoka seva ya Dar kwenda Mwanza kunagota kwenye 18 Mb/s, hakupandi zaidi. Grafu ya matumizi haifiki hata theluthi ya laini. Nikifungua tiketi narudishiwa PDF: upatikanaji 100%, fremu zilizopotea 0, muda wa kwenda na kurudi 19 ms. Kila mwezi wimbo ni huo huo. Bosi anaiona ripoti imependeza, sasa ameanza kuniangalia mimi.

Kile kisanduku ni nini, kinapima nini, na hiyo ripoti niiamini?

Mpita_Njia
Ngoja waje wenye fani. Nakaa mbele hapa.

Kebo_Kali
Hiyo ni media konveta mkuu, inageuza mwanga kuwa umeme basi. Kariakoo zipo tele. Chomoa, weka SFP, kile kiunganishi kidogo cha faiba, kwenye ruta yako, faiba iingie moja kwa moja. Utakuja kunishukuru.

Mpita_Njia
Uzi bila picha ya hicho kisanduku ni batili.

ZamuYaUsiku
Kebo_Kali, akikufuata atazima laini yake mwenyewe, na bili ya fundi kuja Mwanza ataletewa yeye.

Kwa sura kinafanana na media konveta, kwa kazi hapana. Hicho ni NID, kifaa cha mpakani. Huduma yako inaanzia kwenye ile poti ya shaba inayoingia kwenye ruta yako. MEF, jumuiya iliyoanzishwa 2001 kuweka kanuni za Etheneti ya watoa huduma, mahali hapo wanapaita UNI. Kwenye kebo na ruta yako lawama ni yako, kuanzia poti hiyo kwenda mbele ni yao. Ndiyo maana hawataki mikono yenu humo.

Ndani kinafanya kazi kadhaa kwa pamoja. Kinaivisha kila fremu yako lebo ya pili ya VLAN (namba inayotenga mtandao mmoja na mwingine), ile ya kiwango cha 802.1ad, ili VLAN 10 yako isikutane na VLAN 10 ya benki iliyo ghorofa ya juu yako. Kinapima kasi unayoingiza na kutupa inayozidi ulicholipia. Na kinaongea na mwenzake wa Mwanza saa zote, wewe uwe unatumia laini au umelala. Zipo za RAD, ADVA, Accedian na wengine. Siku hizi zipo hata zilizobanwa zikawa na umbo la SFP, unachomeka tu kwenye swichi.

Sasa hayo maongezi yao ndiyo ripoti yako, kwa hiyo tuyaangalie vizuri.

Kwanza kuna fremu ya "nipo", ya 802.1ag, kiwango kilichotoka 2007. Kila kisanduku kinaituma kwa kipindi kilichopangwa, inaweza kuwa kila sekunde, inaweza kushuka hadi kila 3.33 ms. Mwenzake akikaa vipindi vitatu na nusu bila kuipata, anatangaza laini imekufa. Asilimia yako 100 ya upatikanaji imetoka huko.

Pili ni muda wa safari, huu ni wa kiwango cha Y.1731 cha ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa. Dar inaandika saa iliyotuma. Mwanza inaandika saa iliyopokea na saa iliyorudisha. Fremu ikifika nyumbani Dar inaandika saa ya nne. Unatoa muda ambao fremu ilikaa ndani ya kisanduku cha Mwanza, inabaki njia tupu. Uzuri wake ni kwamba saa za Dar na Mwanza zinaweza kutofautiana hata dakika tano, jibu la kwenda na kurudi linabaki sahihi. Ukitaka safari ya upande mmoja ndipo saa lazima zilingane, kwa GPS au PTP, itifaki ya kulinganisha saa.

Hiyo 19 ms iamini. Dar hadi Mwanza kwa barabara ni kama kilomita 1,150. Mwanga kwenye faiba unakula takriban mikrosekunde 5 kila kilomita, kwa hiyo kwenda na kurudi ni kama 11.5 ms ukiwa hujakutana na swichi hata moja. Na faiba haikulazwa kwa rula.

Tatu ndipo penye kesi yako: fremu zilizopotea. Kisanduku mara nyingi hakihesabu fremu zako. Kinatengeneza fremu zake ndogo, kinazituma, kinahesabu zilizofika. Kikituma moja kila sekunde, kwa siku ni 86,400. Zote zikifika unaandikiwa 0. Lakini jiulize fremu hizo zinazaliwa wapi. Zinazaliwa ndani ya kisanduku, baada ya ile sehemu inayokata kasi. Za kwako zinapita mlangoni zikikaguliwa, zile zinaanzia ndani.

Omba vitu viwili kwa maandishi: kaunta za poti ya UNI kwa rangi, yaani kijani, njano na nyekundu, pande zote mbili, na namba za wasifu wa kasi, CIR, CBS, EIR na EBS. Wakikwambia hawana, waambie unaongea na mtu aliyewahi kuzisoma saa nane usiku.

MtunzaSeva
Dah, shukrani sana mkuu. Rangi tena? Fafanua kidogo kabla sijaenda kuaibika.

ZamuYaUsiku
Kijani: iko ndani ya CIR, kasi uliyohakikishiwa, na hiyo ndiyo pekee SLA, ahadi ya ubora kwenye mkataba, inaihusu. Njano: umezidi CIR lakini bado uko ndani ya EIR, kasi ya ziada isiyo na uhakika, inapitishwa kukiwa na nafasi, ikipotea huna wa kumdai. Nyekundu: imetupwa palepale mlangoni. Rangi hazionekani kwenye kebo, ni uamuzi wa kifaa.

Uamuzi unafanywa na ile ndoo ya tokeni. Ndoo inajazwa kwa mwendo wa CIR, kila fremu ikipita inachota baiti zake. Ukubwa wa ndoo ndiyo CBS. EIR nayo ina ndoo yake, ukubwa wake ndiyo EBS. Fremu ikikuta ndoo hazina za kutosha, nyekundu, hata kama dakika nzima iliyotangulia hukutuma kitu.

BintiFaiba
Naomba niongeze hapo, maana watu wengi hawaoni tatizo kwa sababu ya grafu. Grafu ya wastani wa dakika tano haiwezi kukuonyesha kinachotokea ndani ya milisekunde moja. Unaona 20 Mb/s, unasema laini iko tupu. Kumbe seva haitumi 20 Mb/s, inatuma kwa 1 Gb/s halafu inanyamaza, tena 1 Gb/s, inanyamaza. Poti ya 1 Gb/s haijui kuongea taratibu.

Na TCP, itifaki inayobeba mafaili yako na kupunguza mwendo ikiona upotevu, haihitaji kupoteza fremu nyingi ndipo ilegee. Fomula ya Mathis na wenzake ya 1997: kwa fremu za kawaida zenye baiti 1,460 za data na safari ya 19 ms, ukipoteza fremu moja kati ya 1,000, TCP ya kizamani inakwama karibu na 24 Mb/s. Moja kati ya elfu! Mkuu MtunzaSeva, 18 yako inanukia huko.

Kebo_Kali
Mimi naona mnazungusha. Watoa huduma wanauza 100 wanaweka 20, kila mtu anajua. Pinga.

BintiFaiba
Napinga. Wangekuwa wameweka 20, majaribio ya UDP, itifaki isiyopunguza mwendo ikipoteza, yasingepita. MtunzaSeva jaribu iperf3, programu ya kupima kasi, kwa UDP, 90 Mb/s, dakika chache, nje ya saa za kazi.

MtunzaSeva
Nimerudi na majibu, uzi umeiva.

UDP ya 90 Mb/s imepita, upotevu karibu na sifuri. TCP ya mkondo mmoja, 18. Mikondo minane kwa pamoja, kama 60.

Na baada ya vuta nikuvute mtoa huduma ametuma kaunta. Kijani ni namba ndefu kama ya simu. Njano 0. Nyekundu ya upande wa Dar inapanda kila nikinakili faili, ya Mwanza imetulia. Wasifu: CIR 100 Mb/s, CBS baiti 16,000, EIR 0, EBS 0.

ZamuYaUsiku
Baiti 16,000! Haya, tupige hesabu wote waone.

Seva za siku hizi zinaachia kadi ya mtandao ikatekate data yenyewe, kwa hiyo zinaweza kusukuma hadi kilobaiti 64 kwa mkupuo. Hizo ni fremu kama 45 zilizofuatana, kwa 1 Gb/s zinamalizika ndani ya nusu milisekunde na ushee. Ndoo ilikuwa na baiti 16,000. Katika hiyo nusu milisekunde imejazwa nyingine kama 6,900. Jumla karibu 22,900, na kila fremu yenye lebo ya VLAN inachota 1,522. Zinapita 15. Thelathini zinatupwa.

Ndoo yenyewe kwa kasi ile inakauka katika 0.14 ms. Halafu TCP inaona imepoteza, inapunguza mwendo, inaanza kupanda tena, inagonga tena. iperf ya UDP ikipanga fremu zake kwa mwendo ulio sawa, ndoo haikauki, ndiyo maana ilipita. Na fremu za kisanduku, moja kila sekunde, zenyewe hazijui hata kuna ndoo.

Mpita_Njia
Kwa hiyo mtu analipia 100 kihalali, anapewa 100 kihalali, na bado anakula 18 kihalali. Nchi ngumu hii.

MtunzaSeva
Swali la bosi sasa: kosa la nani? Maana kwenye mkataba imeandikwa 100 Mb/s tu, CBS haimo popote.

BintiFaiba
Kimkataba watakushinda, kwa sababu fremu nyekundu hazimo kwenye SLA. Lakini kitaalamu, mtu anayeuza 100 Mb/s kwa safari ya 19 ms na kuweka ndoo ya fremu kumi amenakili templeti bila kuiangalia. Data inayokuwa njiani kwenye laini yako ikijaa ni 100 Mb/s mara 0.019, kama kilobaiti 237. Waombe CBS ipande hadi huko jirani. Kubadilisha ni mstari mmoja, na mimi sijawahi kuona wakikataa ukiwapelekea hesabu badala ya hasira.

Na cheti chao cha siku ya kukabidhi laini, unacho? Karatasi ya Y.1564?

MtunzaSeva
Ninayo. Imeandikwa "imefaulu" kila mstari, hadi mhuri.

BintiFaiba
Lazima ifaulu. Y.1564 ilipotoka 2011 ilikuja kurekebisha tabia ya watu kutumia RFC 2544 ya 1999 (RFC ni nyaraka za viwango vya intaneti), ambayo ni kipimo cha kifaa mezani maabara, si cha laini iliyo hai. Kuna hata RFC 6815 ya 2012 iliyosema waziwazi msiitumie kwenye mtandao wa kazi. Y.1564 ni nzuri: inapandisha kasi hatua kwa hatua hadi CIR, inavuka kuona kama ukataji unafanya kazi, halafu inaacha huduma zote zikimbie pamoja, dakika 15, saa mbili, au siku nzima. Tatizo ni kwamba jaribio la kawaida linatuma fremu kwa mwendo uliopangika kama gwaride. Ndoo ndogo haionekani.

Ukitaka kipimo kinachofanana na maisha ya mtumiaji, omba RFC 6349. Hiyo ni ya TCP yenyewe, inaanza kwa kupima MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti, na muda wa safari, ndipo inapima kasi. Iwekwe kwenye mkataba ujao kabla ya kusaini, baadaye wataitoza.

KaskaziniKwetu
Salamu kutoka Nairobi. Huu uzi umenifaa, ila nina kisa tofauti kidogo. Sisi tuna laini ya Nairobi hadi Dar, inavuka Namanga, na hapo ni kampuni mbili tofauti zimekutana. Ikianguka, wa huku asema ni wa kule, wa kule asema ni wa huku. Kisanduku kimoja tunacho Nairobi cha hawa, kingine Dar cha wale. Kuna namna mimi mteja nijue ni nani bila kuwapigia simu wote wawili usiku?

ZamuYaUsiku
Ipo, na ndiyo sababu 802.1ag ilipewa ngazi nane, 0 hadi 7. Kwa mazoea 0 hadi 2 ni za kila opereta ndani ya mtandao wake, 3 na 4 za anayekuuzia huduma nzima, 5 hadi 7 za mteja. Fremu ya ngazi ya juu inapita katikati ya vifaa vya ngazi ya chini bila kuguswa, ya chini haivuki mpaka wa mwenyewe. Pale Namanga makutano yao yanaitwa ENNI.

Unachofanya: ruta zako mbili, kama zina CFM, yaani hiyo 802.1ag, ziweke ziongee kwa ngazi ya 5. Hakikisha mkataba unasema ngazi hiyo inapitishwa. Halafu waombe wakuwekee pointi za kati za kuitikia, kwenye kila kisanduku na hapo kwenye ENNI, kwa ngazi yako. Laini ikianguka unatuma linktrace, inataja vifaa vya njiani kimoja kimoja kama traceroute, lakini kwa anwani za MAC. Wa mwisho kuitika ndiye wa mwisho aliye hai. Namanga ya upande wa Kenya ikiitika na ya Tanzania ikanyamaza, unajua simu ya kwanza uipige wapi.

Tahadhari: wengine hawapendi mteja aone ndani, watakupa ukingo tu. Hata hivyo ukingo wa ENNI unatosha, kwa hiyo ung'ang'anie huo.

KaskaziniKwetu
Hii nimeihifadhi. Asante sana ndugu.

Duka_la_Ndugu
Naulizia pembeni: sisi laini ya tawi ikizima, NOC yao, kituo chao cha kuangalia mtandao, inajibu ndani ya dakika moja "umeme umekatika kwenu, angalieni". Na kweli inakuwa umeme. Wanajuaje, wameweka kamera?

ZamuYaUsiku
Hamna kamera. Ndani ya NID kuna kapasita. Umeme ukikatika inabaki na pumzi kidogo sana, inayotosha kutuma fremu moja au chache za kuaga, kutoka 802.3ah ya 2004. NOC wakiipata wanajua kifaa kimezimika. Kikinyamaza bila kuaga, wanaanza kufikiria faiba imekatwa na gari linakwenda barabarani. Kwa huku kwetu kipengele hicho kimoja kinaokoa mafuta ya Land Cruiser kuliko vyote.

Kwa hiyo NID yako ichomeke kwenye UPS ile ile ya ruta. Nimeona ofisi zina UPS kubwa ya kompyuta ya bosi, kisanduku cha laini kiko kwenye ekstensheni na birika la chai.

Kebo_Kali
Hilo la birika limenigusa. Naendelea kusoma kimya kimya.

MtunzaSeva
Mrejesho wakuu. Mtoa huduma amepandisha CBS hadi kilobaiti 256 pande zote mbili, bila ubishi baada ya kuona hesabu ya fremu 45. TCP ya mkondo mmoja imeruka hadi 70 na kitu, ila nyekundu bado zinapanda mdogo mdogo, hasa usiku bakapu inapokimbia. Nifanyeje nizimalize kabisa?

BintiFaiba
Upande wako sasa. Polisa wa kwenye NID, ile sehemu inayokata kasi, hana foleni, akizidiwa anatupa. Ruta yako ina foleni na bafa, kwa hiyo iache yenyewe ipunguze mwendo kabla fremu hazijafika kwake. Weka shepa, yaani kipanga mwendo, kwenye poti ya kutoka kuelekea NID, pande zote mbili, ili fremu zitoke kwa utaratibu badala ya kutapikwa kwa 1 Gb/s. Na ukishakuwa na foleni, simu za VoIP ziweke mbele, bakapu isubiri.

MtunzaSeva
Niweke 100 Mb/s kamili?

ZamuYaUsiku
Usiweke 100. Anza na 95.

NID inahesabu fremu nzima ya Etheneti: kichwa, lebo ya VLAN na baiti nne za ukaguzi mwishoni. Ruta nyingi kwenye shepa zinahesabu pakiti ya IP tu, au fremu bila zile nne. Kwa pakiti kubwa tofauti ni ndogo, kama baiti 22 juu ya 1,500, asilimia moja na nusu hivi. Kwa pakiti ndogo za sauti za baiti 200 ni asilimia 11. Ruta itaapa inatoa 100, NID itaona 103 na itakata. Kama ruta yako ina amri ya kuongeza baiti za ziada kwenye hesabu ya shepa, iweke 22 na uanzie 99. Kama haina, 95, tazama kaunta nyekundu wiki nzima, zikiendelea kupanda shuka hadi 93.

Na hiyo kaunta waombe wakufungulie kuisoma kwa SNMP, itifaki ya kusoma hali ya vifaa kwa mbali, kusoma tu. Ukisubiri PDF ya mwisho wa mwezi utaendelea kuletewa sifuri.

MtunzaSeva
SNMP wamekubali, neno la siri la kusoma tu nimepewa. 95 imekaa pande zote mbili, mkondo mmoja unagusa 90. Nyekundu imesimama tangu jana jioni, bakapu ya usiku imepita juu yake.

Mpita_Njia
Na picha bado hatujaiona.